Sare za Watoto wa Mperani

Machi 3, 1947

Bi Mwanabaraka kanipa daftari hili, eti katibu hawezi kukosa la kuandikia. Nimemwambia ya chama nayaandika kwenye daftari la chama. Humu nitaandika yangu, na siku akiliona jina lake asinune. Akacheka mpaka ushungi ukamvuka.

Nianze na lililotukalisha kitako leo asubuhi nyumbani kwake. Chama chetu ni cha wanawake wa mjini Bagamoyo, wengi wajane kama mimi, na kina kazi moja tu: kuiweka hai shule ya Mperani, ng'ambo ya Ruvu, mwendo wa asubuhi nzima. Tunamlisha mwalimu, tunanunua chaki na vibao, tunaezeka. Zamani chama hiki kilikuwa ngoma ya lelemama, kikiitwa Shani, na Bi Mwanabaraka ndiye aliyekuwa malkia wake. Vita vilipoingia ngoma ikasimama, na akina mama wakaona zile fedha za pilau na tarumbeta zinaweza kufundisha watoto. Mimi ni mtu wa Pangani, nimeletwa hapa na ndoa, ngoma yao sikuiwahi.

Sasa Bwana Elimu wa Dar es Salaam, mkaguzi wa shule, amesema mwisho wa masika atakwenda Mperani mwenyewe. Akikuta nyumba haivuji na watoto wamejaa darasani, serikali itaichukua shule, mwalimu na vitabu na vyote. Akikuta kinyume ataifunga. Na hata asipoifunga yeye, sisi tumefika mwisho. Wanachama wanazikwa, na walio hai tumekwisha kuuza vya kuuzwa. Ni masika hii au basi.

Machi 9

Mvua.

Machi 16

Nimerudi jana kutoka Mperani, miguu imevimba. Mto umeanza kujaa. Mtumbwi ulituyumbisha mpaka nikasoma kila sura ninayoijua na nyingine nisizozijua vizuri. Kivukoni alitupokea Mwalimu Msabaha, kijana wa hapahapa mjini, mwembamba, mpole, kila umwambialo anajibu "inshallah, mama" mpaka unatamani umtikise.

Wanawake wa Mperani wanashona makuti mapya ya paa. Kiongozi wao ni Mwanamvua, dada yake Jumbe Mwinyimvua. Mwanamke mrefu, maneno yake haba. Alinipa shikamoo yangu, akanipa kigoda, kisha akarudi kwenye makuti yake kana kwamba sipo. Sikumpenda. Nimetembea matope yale yote kwa ajili ya watoto wao, ningestahili japo kuulizwa habari za njiani.

Binti yake, Ashatu, ndiye hodari wa darasa zima. Ameshavunja ungo, na kwa desturi sasa angekuwa ndani akingojea mume. Msabaha anasema kuna watu wa kijiji cha Ubena wameshakuja kumposa zaidi ya mara moja, mjomba mtu yuko radhi, lakini kila wakija mama yake anawajibu neno moja tu: mtoto anasoma. Jumbe hawezi kulipinga hilo, maana shule ni ya kijiji chake na yeye mwenyewe aliiomba. Msabaha alikuwa akilisimulia kama mzaha. Mimi sikucheka.

Machi 17

Jana nilisahau kubwa. Nusu ya madawati ni matupu, na si uvivu. Ni nguo. Tangu vita hakuna kitambaa madukani, na huko bara ndiyo hakuna kabisa. Ziko nyumba ambazo mama na binti wana kaniki moja. Mama akienda kisimani, binti anabaki ndani. Msichana mmoja alizungumza nami nyuma ya mlango muda wote, nikimsikia sauti tu. Nilimwuliza mbona haji shuleni. Akasema atakuja mama akirudi.

Machi 28

Mvua, mvua. Kikao hakikufanyika, watu watatu tu.

Aprili 4

Sijapata kumpenda Bi Mwanabaraka kama leo.

Alituita baada ya sala ya Ijumaa, akafungua lile sanduku lake la msaji lisiloguswa na mtu. Mlikuwa na majora ya kitambaa, rangi ya zafarani, mapya kabisa, yananukia karafuu. Ilikuwa sare ya Shani, iliyonunuliwa kwa ngoma ambayo vita viliizuia. Miaka yote hii ya dhiki, watu wanavaa magunia, yeye kakaa nayo. Akasema alikuwa akingoja siku Shani itacheza tena. Kisha akayatoa jora moja moja akatupa mapajani mwetu, mimi moja, mwenzetu Bi Biubwa moja, na machozi yanamtoka.

"Kilinunuliwa tucheze sisi," akasema. "Basi wakivae watoto wa Mperani, Bwana Elimu awaone wanavyong'ara."

Hakuna aliyesema hapana. Mimi ndiye niliyepiga kigelegele cha kwanza.

Aprili 13

Tunashona. Cherehani tatu barazani kwa Bi Mwanabaraka, kanzu za wavulana, magauni ya wasichana. Wazee wameanza kuimba zile nyimbo zao za zamani. Bi Biubwa, ambaye goti lilishindwa hata kumfikisha msikitini, alisimama akacheza. Nimekumbuka marehemu mume wangu alivyokuwa akisema mji huu haufi, unasinzia tu.

Aprili 18

Kola na vifungo. Mvua.

Aprili 22

Tumezipeleka. Wachukuzi wawili na mimi na Msabaha, nguo zote zimefungwa ndani ya turubai, hazikupata hata tone.

Wanawake walikusanyika ndani ya shule. Nilifungua mzigo mwenyewe. Zafarani ile ndani ya nyumba ile ya udongo, paa jipya juu, ilikuwa kama kumeingia jua. Nikangoja vigelegele. Mwanamvua akasogea, akashika gauni moja, akalipindua ndani na nje, akaniuliza kitambaa hiki kimetoka nyumba gani. Nikamjibu kwa fahari kwamba ni sare ya Shani, ya Bi Mwanabaraka mwenyewe, na kwamba hajapata kumpa mtu mwingine yeyote. Akaniitikia kwa kichwa. Wakazipokea kwa mikono miwili, mmoja mmoja, wakasema ahsante, wakaondoka.

Ashatu alibaki nyuma. Alilikunja gauni lake vizuri, akaliweka juu ya dawati, akatoka bila kulichukua. Nikamwita, hakugeuka.

Nimechukizwa. Mtu unajinyima, unajitaabisha, na hata tabasamu hupati. Watu wa bara hawajui kupokea.

Aprili 27

Msabaha amefika mchana, ameloa, viatu mkononi. Tangu zile nguo hakuna mtoto aliyekanyaga shuleni. Hata wale waliokuwa wakija na matambara yao hawaji. Wanakuja watoto wa mwenye mtumbwi tu, na hao ni watu wa kuja, wametoka Rufiji. Nguo nyingine zilirudishwa usiku, amezikuta zimepangwa mlangoni, zimekunjwa. Nimemwuliza sababu. Hawamwambii. Nimemwuliza yeye amefanya nini. Amesema inshallah watarudi. Nimemtolea uvivu, nimemwambia maneno ambayo si ya kumwambia mtu mwenye homa, na kumbe alikuwa nayo.

Mei 1

Nimerudi kutoka Mperani. Nitaandika taratibu, maana hasira zangu zimegeuka njiani na bado sijui zimekaa wapi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwanamvua. Nilikuwa nimejipanga. Nilimwambia kama watu hawaitaki shule waseme, sisi tuna kazi nyingine za kufanya. Akaniacha nikamaliza. Akaniletea chai ya mchaichai, akakaa chini mbele yangu, akaniuliza kama mimi ni mtu wa Bagamoyo. Nikasema mtu wa Pangani. Akasema, "Basi ndiyo maana uliweza kuzileta."

Kisha akanieleza. Zamani, kabla ya vita, ngoma zilikuwa mbili zinashindana: Shani ya mjini, na Tusemezane, ambayo matawi yake yalikuwa huku vijijini. Mama yake ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa Tusemezane. Ukaja mwaka wa njaa, Mperani wakala mizizi ya porini. Mwaka huohuo Shani wakawaalika kwenye mashindano, nao wakaenda, maana mwaliko wa ngoma haukataliwi. Walipofika uwanjani Shani waliwapokea kwa wimbo, umetungwa maalumu. Ulisema watoto wa Mperani wana meno ya ngiri, wanachimba chakula kwa midomo, na kwamba wakija kwa adabu Shani itawalisha na kuwavisha. Mji mzima uliitikia. Mama yake alijaribu kujibu, sauti ikamkatika mbele za watu. Hakuimba tena mpaka anakufa.

"Ngoma ikishindwa, mshindi anakutupia sare yake," Mwanamvua akasema. "Ukiivaa, umekubali waliyokuimba. Mama yangu walimtupia zafarani ile ile. Hakuiokota. Leo nimvike mjukuu wake?"

Nikasema Bi Mwanabaraka hakukusudia. Akasema huenda, lakini aliyeimba hasahau kama anavyosahau mpita njia. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe anaitaka shule kuliko mtu yeyote wa Mperani, na ninajua kwa nini. Wanataka mambo mawili tu. Nguo zitiwe rangi nyingine. Na Bi Mwanabaraka aje mwenyewe, akae chini, ale chakula cha Mperani mbele ya watu. Siku hiyohiyo watoto watajaa.

Nilimwambia hayo ni madogo, niachie mimi. Ndivyo nilivyosema.

Mei 2

Sikulala. Asubuhi nikaenda kwa Bi Mwanabaraka, nikamweleza yote. Alinisikiliza huku anachambua mchele. Nilipofika kwenye rangi aliweka ungo chini.

"Kitambaa cha Shani hakitiwi rangi," akasema. "Na mimi siendi kupiga magoti kwa Wakwere. Ulikuwa mchezo. Hata wao walituimba."

Nikamwuliza walituimba nini. Akasema hakumbuki, lakini walituimba.

Mei 6

Mvua. Sina hamu.

Mei 12

Nimezunguka madukani kutafuta kitambaa kingine, japo marekani ya kawaida. Mhindi wa sokoni alinionyesha shuka aliyojifunga, imetatuka, akaniambia akipata kitambaa ataanza yeye.

Nikarudi kwa akina Bi Biubwa, nikawaomba tuzitie rangi sisi wenyewe, bila Bi Mwanabaraka. Wakanitazama kama niliyetukana. Mzigo wa nguo zilizorudishwa, aliouleta Msabaha, uko kwake, na kwake haingii mtu kwa nguvu.

Mei 13

Watu wa Ubena wamekwenda tena Mperani. Msabaha kaniletea habari. Mwanamvua amewaambia wangoje Bwana Elimu apite.

Mei 20

Nilikuwa nimeapa siendi tena kwa Bi Mwanabaraka, lakini nikaitwa, anaumwa. Nimemkuta kitandani, mdogo, hata sikujua kuwa amekuwa mdogo hivyo. Nikakaa. Baadaye akasema, bila kuulizwa, kwamba wimbo ule aliutunga yeye. Alikuwa kijana, mji mzima ulimbeba mabegani siku ile, ndiyo siku aliyoitwa malkia.

Nikamwambia basi ndiyo maana wewe tu ndiye unayeweza kuumaliza. Akasema, "Nikienda nikaomba radhi, wasiponipa, nitarudi na uso gani?"

Nilikuja na hasira, nikatoka sinazo, na hilo lilinitisha zaidi. Mtu mwenye kiburi unaweza kumvunja. Mwenye kuogopa utamfanya nini? Amesema atakwenda mvua zikipungua. Nimemwambia Bwana Elimu naye anakuja mvua zikipungua.

Mei 26

Mto umefunga. Hakuna mtumbwi unaovuka.

Juni 2

Mvua zimepungua. Nimekwenda kumkumbusha. Amesema goti linamuuma. Jana alikwenda arusini Mlingotini na goti hilohilo.

Juni 6

Imetoka habari boma: Bwana Elimu atakuwa Mperani Alhamisi ijayo. Nimempelekea Bi Mwanabaraka mtu, kisha nimekwenda mwenyewe. Mlango umefungwa, mtumishi anasema bibi amelala. Adhuhuri, amelala.

Juni 9

Nimetoka Mperani. Mimi na Msabaha tumepita nyumba kwa nyumba. Yule kijana nilimdhania hana mfupa. Kumbe kwa miezi yote hii, madawati matupu, amekuwa akiandika somo ubaoni kila asubuhi, akilisoma kwa sauti kubwa mlango ukiwa wazi, ili wanaopita walisikie. Posho yake hatujampa tangu Machi na hajaitaja hata mara moja. Nimemwomba radhi kwa yale ya siku ile. Amesema hakuna neno, mama.

Kila nyumba tuliambiwa karibu, tukapewa kigoda, tukapewa maji. Hakuna aliyetufukuza na hakuna aliyetupa mtoto. Jumbe Mwinyimvua alisema hawezi kuamuru jambo la akina mama. Nikamwangukia Mwanamvua. Nikamwambia awapeleke hata na matambara, hata watupu, siku moja tu, kwa ajili ya Ashatu. Nikasema mimi naomba radhi kwa niaba ya chama chote.

"Wewe hukutuimba, Bibi," akanijibu. "Radhi yako tunaishukuru, lakini haituvui aibu ile." Kisha akafunika uso kwa kanga, nikajua analia, nikatazama pembeni.

Juni 12

Bwana Elimu amekuja.

Alikuja na gari mpaka mtoni, akavuka na karani wake. Mtu wa makamo, si mkali, anasema Kiswahili kizuri. Msabaha alikuwa amefagia mpaka njia. Ubao umeandikwa, makuti yamenyooka, na darasani watoto wa mwenye mtumbwi, wanne, wamevaa zafarani, wamekaa mbele wameshikana mikono kwa woga.

Alitazama paa, akalisifu. Akamsomesha mtoto mmoja, akasoma. Akafungua daftari la majina, akauliza hawa wengine wako wapi. Karani akamwambia Msabaha taratibu aseme wanalinda ndege mashambani. Msabaha akasema hapana, hawalindi ndege, wamekataa kuja. Nilitamani kumziba mdomo.

Ikabidi mimi nieleze. Nikasimama mbele ya yule Mzungu nikaeleza habari za Shani na Tusemezane, mwaka wa njaa, sare, rangi. Kila neno likitoka mdomoni naliona linavyonywea. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakucheka, na afadhali angecheka.

"Mama," akasema, "mimi siwezi kuandika kwamba shule imekosa watoto kwa sababu ya wimbo. Nitaandika kwamba kijiji hakiitaki."

Nikasema wanaitaka. Akauliza wako wapi. Nje kulikuwa na watu, nilikuwa nikiwaona kwa dirishani, wanawake wamesimama mbali kwenye mihogo, na Mwanamvua miongoni mwao, wote wanatazama shule. Hakuna aliyesogea. Karani akamletea Bwana wino. Shule imefungwa, na Msabaha, maana hana cheti, haruhusiwi kufundisha tena kuanzia Jumatatu.

Juni 13

Nilipita kwa Bi Mwanabaraka kumwambia. Sikumpa hata salamu. Nilisema imefungwa, nikageuka.

Juni 15

Amekwenda. Bila kuniambia, asubuhi ya jana, kwa machela, na mzigo wa nguo nyuma yake. Mimi nimefuata nilipopata habari, nikawakuta wameshakaa.

Alikuwa chini, juu ya mkeka, katikati ya uwanja wa shule, kichwa wazi, hana hata ushungi. Aliusema wimbo wake wote mbele yao, bila kuuimba, kisha akasema kila neno lake lilikuwa uongo na kwamba njaa haikuwa aibu yao. Wakamletea ugali wa muhogo na mchicha pori. Akala. Mwanamvua akanawa, akala naye sahani moja. Wanawake wengine walilia, na mimi pia, siwezi kusema sikulia. Halafu wakachemsha magome ya mikoko aliyoyaleta Bi Mwanabaraka mwenyewe, wakazamisha zile nguo zote ndani, zikatoka rangi ya udongo.

Leo asubuhi watoto wamekuja. Wamekuja wote, na wale wa nyuma ya milango wamekuja, wamejaa mpaka wengine wamekaa chini. Msabaha alisimama mlangoni akawatazama. Kesho ni Jumatatu. Akawafundisha siku hiyo moja, tangu asubuhi mpaka jua linatua, hesabu, kusoma, kila alichokuwa nacho, bila kuwapa mapumziko, na hakuna mtoto aliyeomba kutoka.

Juni 18

Nimemwandikia Bwana Elimu, nimemwambia njoo uone. Bi Mwanabaraka ametia dole gumba.

Juni 30

Jibu limekuja, la karani. Ukaguzi umekwisha, shule nyingine zinangoja nafasi hiyo, na asiye na cheti akionekana anafundisha atashtakiwa.

Msabaha ameondoka kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi bandarini. Nilimpa sahani zangu mbili za kauri akauze. Alikataa, nikamtilia kwenye mfuko.

Julai 3

Kikao cha mwisho cha chama. Hapakuwa na la kujadili. Bi Mwanabaraka alisoma fatiha.

Julai 8

Nimekwenda Mperani peke yangu. Nilikuwa na jambo nililolifikiri usiku kucha na kuliona zuri. Nilitaka kumwomba Mwanamvua anipe Ashatu akae kwangu mjini. Nyumba yangu ina vyumba vitupu, shule ya serikali iko mtaa wa tatu, nitamlea kama wangu.

Mwanamvua alikuwa uani anapepeta mpunga mpya. Tuliamkiana, akaniuliza habari za njiani, za goti la Bi Mwanabaraka, za Msabaha. Nikamweleza nililojia. Aliendelea kupepeta kwa muda. Ndani ya nyumba, nyuma ya pazia la mkeka, nilisikia mtu anasogea, nikajua Ashatu ameshawekwa ndani na kungwi wake.

"Watu wa Ubena wamekuja Ijumaa," Mwanamvua akasema. "Kaka yangu amepokea mahari. Nilikuwa nikiwaambia mtoto anasoma. Safari hii waliniuliza anasoma wapi."

Nikasema labda bado, labda jumbe anaweza kuyarudisha, nikaseme naye. Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Akaniletea maji katika kata, nikanywa. Akanifungia mpunga kidogo katika kikapu cha ukindu, wa kwenda nao mjini. Nilipoaga, sauti ya Ashatu ikanipa shikamoo kutoka nyuma ya pazia, nami nikaitikia marahaba.